Roger Keyes: Kutoka Witu Hadi Bungeni

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba mjini Berlin. Ujerumani iliacha madai yake juu ya usultani mdogo wa Witu, nyuma ya pwani ya Lamu, ikakubali pia Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Nayo Uingereza iliachia Helgoland, kisiwa cha mawe katika Bahari ya Kaskazini ilichokuwa imekishika tangu 1807. Fumo Bakari, sultani wa Witu kutoka ukoo wa Nabhani uliohama Pate, hakuulizwa neno. Haikupita miezi minne, mji wake ukawa majivu.

Miongoni mwa waliopanda kutoka Kipini kwenda kuuchoma alikuwamo kijana aliyetimiza miaka 18 mwezi huohuo, afisa mwanafunzi wa manowari Turquoise. Jina lake Roger Keyes. Miaka 24 baadaye kijana huyo, sasa komodoro, angekuwa kwenye maji ya mbele ya Helgoland akiziwinda meli za Kijerumani zilizojificha nyuma ya kisiwa kilekile kilichotolewa kama bei ya Witu na Unguja. Wanahistoria wa Uingereza wanaomwandikia Keyes huanza na China au na Gallipoli, na Witu wanaipa sentensi moja. Sisi wa huku tuna haki ya kuanzia Kipini. Naona pia kwamba tabia yake yote ilishaonekana pale.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1872 katika ngome ya Tundiani, mpaka wa kaskazini-magharibi wa India, ambako baba yake, Jenerali Charles Patton Keyes, alikuwa akiongoza vikosi vya mpakani. Familia ya askari wa nchi kavu, watoto tisa, na mmoja wao tangu utotoni akishikilia kwamba yeye atakuwa admirali. Mwaka 1885 akaingia meli ya mafunzo Britannia, miaka miwili baadaye akapelekwa kwenye kikosi cha Rasi ya Tumaini Jema, na kutoka huko akahamishiwa Turquoise, iliyokuwa na kituo chake Zanzibar.

Kazi ya manowari hizo ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa baharini, ambayo Sultani Barghash alikubali kuipiga marufuku kwa mkataba wa 1873. Manowari yenyewe haikufaa sana kwa kazi hiyo, maana moshi na milingoti yake ilionekana kutoka mbali na majahazi yalikuwa yakijua kujificha kwenye vijito vya Pemba. Kwa hiyo mashua zilitumwa peke yake, kila moja na afisa kijana, mabaharia wachache na mkalimani, zikakaa majuma nje zikisubiri tanga litokee. Mwezi Mei 1887, kabla Keyes hajafika, Luteni Fegen wa Turquoise hiyohiyo alipambana na jahazi karibu na Pemba, kwa bunduki na mapanga, akiwa na watu wachache sana. Hadithi ya namna hiyo ndiyo iliyosimuliwa usiku kwa vijana wapya waliopanda meli. Mtu wa miaka 16 anayepewa mashua yake mwenyewe hujifunza kuamua bila kungoja amri, na hilo Keyes hakulisahau hata pale alipopaswa kulisahau.

Kisha ikaja Witu. Mwezi Septemba 1890 Mjerumani mmoja mfanyabiashara wa mbao, Andreas Küntzel, aliuawa huko pamoja na wenzake baada ya kugombana na watu wa sultani. Kwa kuwa Witu sasa ilikuwa ya Waingereza kwa karatasi, wao ndio waliotakiwa kulipiza kisasi. Admirali Fremantle alikusanya meli zake, akateremsha mabaharia na askari wa majini, akaongezewa askari wa Sultani wa Zanzibar na askari wa Kihindi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Tarehe 27 Oktoba waliingia mjini, wakakuta Fumo Bakari amekwisha kukimbilia msituni, wakaubomoa na kuuteketeza. Wakarudi melini. Fumo Bakari alifariki mapema mwaka uliofuata, lakini ukinzani haukufa naye: nduguye Fumo Omari aliuendeleza, na mwaka 1893 Waingereza wakalazimika kutuma jeshi jingine.

Hapa ndipo ninapomwona Keyes mzima. Shambulio la haraka, linalopangwa vizuri na kuongozwa na watu wasioogopa. Halafu kesho yake, ambayo hakuna aliyeifikiria sana. Katika maisha yake Keyes alikuwa mtu wa siku ya shambulio. Kesho yake ilimshinda mara nyingi.

Jina lake lilitoka China. Mwaka 1899 alipewa amri ya destroya Fame huko Hong Kong, na mwaka uliofuata vuguvugu la Mabondia likalipuka. Alfajiri ya tarehe 17 Juni 1900, wakati ngome za Taku, mdomoni mwa mto Peiho, zikipigwa, Fame na mwenzake Whiting waliingia mtoni na kuzisogelea destroya nne za Kichina zilizotengenezwa Ujerumani. Mabaharia wakazirukia kwa bunduki na sime, zote nne zikatekwa. Muda mfupi baadaye, juu zaidi ya mto huo, kulikuwa na ngome iliyowazuia kupita. Wakubwa wake waliona inahitaji jeshi kubwa. Keyes akateremka na watu 32, akaiingia, akaharibu mizinga yake, akalipua ghala la baruti, akarudi mtoni. Mwezi Novemba alipandishwa cheo kuwa kamanda, akiwa na miaka 28.

Miaka iliyofuata alikuwa mwambata wa jeshi la majini Roma, Vienna, Athens na Constantinople, tuipite. Mwaka 1910 akawekwa kuwa mkaguzi wa nyambizi, kazi ya ajabu kumpa mtu ambaye hakuwa mtaalamu wa nyambizi wala wa mitambo. Alijaribu kuvunja ukiritimba wa kampuni ya Vickers kwa kuagiza michoro ya Kitaliano na ya Kifaransa. Nyambizi zilizopatikana hazikuwa nzuri, na vita vilipoanza mwaka 1914 idadi ya zile za kutegemewa ilikuwa ndogo kuliko ilivyotakiwa. Wenye kumpenda hulipita jambo hili harakaharaka.

Vita vilipoanza hakukaa ofisini. Tarehe 28 Agosti 1914, katika pigano la ghuba ya Helgoland ambalo yeye na Komodoro Tyrwhitt walilibuni, alitoka na destroya Lurcher. Taarifa ya Admiralty, wizara ya jeshi la majini, kwamba meli nyingine za Kiingereza zingefika eneo hilo haikumfikia, na nyambizi yake moja karibu izipige. Wajerumani walipoteza kruza tatu. Moja yao, Mainz, ilikuwa inawaka na kulala ubavu pale Keyes alipoisogeza Lurcher mpaka zikagusana, akaanza kuwapokea majeruhi. Aliokoa watu 220, mmoja wao Luteni Wolfgang Tirpitz, mtoto wa yule Admirali Tirpitz aliyelijenga jeshi la majini la Ujerumani. Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, alihakikisha baba anapata habari kwamba mwanawe yu hai.

Lakini jina ambalo Keyes alikwenda nalo kaburini ni Dardanelles, mlango-bahari wa Uturuki. Mwaka 1915 alikuwa mnadhimu mkuu wa Admirali Carden, na Carden alipougua, wa Admirali de Robeck. Mpango ulikuwa kupenya mlango huo mwembamba kwa meli tu, kufika Constantinople na kuiondoa Uturuki vitani. Tatizo halikuwa mizinga ya ngome peke yake. Lilikuwa pia mabomu ya kutegwa majini, na waliopewa kazi ya kuyaondoa walikuwa wavuvi wa Kiingereza na mashua zao za uvuvi. Mashua hizo zilipanda kinyume cha mkondo mkali, usiku, mataa makubwa ya adui yakiwamulika na mizinga midogo ikiwanyeshea. Wavuvi waligeuza wakarudi. Keyes alighadhibika, akasema maneno makali, akawawekea mabaharia wa kijeshi badala yao. Binafsi nawaonea huruma wavuvi: waliajiriwa kuvuta kamba, hawakuajiriwa kupigwa risasi.

Tarehe 18 Machi meli kumi na kadhaa kubwa za Kiingereza na Kifaransa ziliingia. Mchana, Bouvet ya Wafaransa iligonga bomu ikazama kwa dakika mbili hivi na watu zaidi ya 600. Irresistible na Ocean nazo zikagonga mabomu, zikaachwa. Mabomu yaliyozipata yalikuwa yametegwa na meli moja ndogo ya Kituruki, Nusret, siku kumi kabla, mahali ambapo hakuna aliyepatazama. Usiku huo Keyes aliingia tena na destroya Jed kuzitafuta zile mbili, azizamishe asije adui akazivuta pwani. Hakuziona. Alizunguka ghuba kwa masaa, bila kusikia mlio wa mzinga, mataa ya Waturuki tu yakifagia maji. Akatoka humo akiamini kwamba adui amekwisha kushindwa na kinachotakiwa ni kurudi kesho.

Alikuwa sahihi? Wanaomtetea hutaja kwamba risasi za mizinga mikubwa ya Waturuki zilikuwa zimepungua. Wanaompinga hujibu kwamba mabomu hayakupungua, na mizinga midogo iliyoyalinda ilikuwa bado iko pale. Nafikiri wa pili wana hoja nzito zaidi, ila ni vigumu kutomsikiliza mtu aliyekuwa ndani ya mlango ule usiku ule. De Robeck aliamua kungoja jeshi la nchi kavu. Jeshi likateremka Gallipoli, kando ya mlango huo, tarehe 25 Aprili, likanasa, likafa kwa maelfu. Mwezi Oktoba Keyes alipewa ruhusa na mkubwa wake, ambaye hakukubaliana naye, asafiri hadi London kuutetea mpango wa kujaribu tena kwa meli. Aligonga milango ya mawaziri mmoja baada ya mwingine. Hakufanikiwa, na Januari 1916 askari wa mwisho waliondolewa.

Tangu hapo kila vita alivyoviona alivilinganisha na Gallipoli.

Tarehe 1 Januari 1918 alipewa doria ya Dover badala ya Admirali Bacon. Mara aliweka mataa makali na vyombo vingi usiku kwenye mlango-bahari, nyambizi za Kijerumani zikalazimika kuzama chini moja kwa moja kwenye mabomu, na katika majuma ya mwanzo zilizama nyingi kuliko ambavyo doria ilizoea. Kazi hiyo ya kila usiku, isiyo na tarumbeta, pengine ndiyo bora aliyowahi kufanya. Dunia haiikumbuki. Inaikumbuka Zeebrugge.

Nyambizi nyingi zilitoka Bruges kwa mfereji na kuingia baharini Zeebrugge, huko Ubelgiji. Keyes aliamua kuuziba mlango wa mfereji kwa kuzamisha kruza tatu kuukuu zilizojazwa saruji: Thetis, Intrepid na Iphigenia. Ili zipite, ilibidi mizinga iliyokuwa kwenye gati kubwa la mawe, lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili kuelekea baharini, ishughulishwe. Kruza Vindictive ya Kapteni Carpenter ilipewa kazi ya kujibandika kwenye gati hilo na kumwaga askari, ikisaidiwa na feri mbili za kuvushia abiria mto Mersey, Iris na Daffodil. Tarehe 11 Aprili walifika karibu sana na pwani, upepo ukageuka, na moshi wa kuwaficha ungerudi baharini. Keyes akaamuru wageuze. Wanaosema hakuwa na breki wakumbuke usiku huo: maelfu ya watu, meli nyingi gizani, heshima yake yote juu ya meza, naye akarudi nyumbani.

Walijaribu tena usiku wa kuamkia tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George, na Keyes akatoa ishara ya kumtaja mtakatifu huyo. Upepo uligeuka tena, safari hii dakika za mwisho. Vindictive ilijitokeza kwenye moshi ikapigwa kwa karibu sana, madaraja yake mengi ya kuteremkia yakavunjwa kabla mtu hajayakanyaga. Nyambizi kuukuu C3 ya Luteni Sandford, iliyojazwa baruti, iliingizwa chini ya daraja linalounganisha gati na nchi kavu ikalipuliwa. Meli za kuziba zilizama mle mfereji, ingawa Thetis ilikwama mapema. Mambo yote yalikwisha kwa muda wa saa moja hivi. Waingereza zaidi ya 200 walikufa na zaidi ya 300 wakajeruhiwa. Misalaba minane ya Victoria ilitolewa, mingine kwa wapiganaji wenyewe kupiga kura, kwa kuwa ushujaa ulikuwa mwingi mno kuchaguliwa na makamanda.

Na mfereji? Wajerumani walichimba mchanga pembeni ya meli zilizozama, na baada ya siku chache nyambizi zikaanza kupita tena wakati wa maji kujaa. Ostend, iliyoshambuliwa usiku huohuo, haikuzibwa kabisa, maana Wajerumani walikuwa wamehamisha boya na meli za Kiingereza zikapanda mchanga. Kwa hesabu ya kijeshi Zeebrugge haikubadilisha vita. Kwa hesabu ya mioyo, mwezi ambao jeshi la Kiingereza lilikuwa likirudishwa nyuma kule Ufaransa, ilikuwa na thamani kubwa, na serikali ilijua kuitumia. Keyes akawa Sir Roger, akapewa cheo cha kurithiwa cha baroneti na zawadi ya paundi 10,000.

Miaka ya amani haikumfaa. Aliongoza kikosi cha Mediterania kutoka 1925, Malta, ambako walalamikaji walinong'ona kwamba maafisa wanaocheza polo ndio wanaopanda vyeo. Kisha mwaka 1928 dansi kwenye manowari Royal Oak ikazaa kashfa: admirali mmoja alimtukana kiongozi wa bendi mbele ya wageni, maafisa wawili wakamshitaki kwa barua, Keyes akachelewesha safari ya kikosi kizima afanye uchunguzi, akawaondoa wote watatu. Magazeti ya London yalikula shibe. Uongozi wa jeshi zima la majini, alioutamani, ukaenda kwa wengine. Mwaka 1930 akapewa kuwa Admirali wa Fleet, heshima kubwa lakini bila meza ya kufanyia uamuzi.

Basi akaenda Bungeni. Februari 1934 alichaguliwa kwa tiketi ya Wahafidhina kuwa mbunge wa Portsmouth Kaskazini, mji wa mabaharia ambao ulimjua. Hakuwa msemaji. Alisoma kutoka karatasini, akajikwaa, akarudia. Hoja zake zilikuwa chache: kupinga kupunguza silaha, na kulirudishia jeshi la majini ndege zake zilizokuwa chini ya jeshi la anga. Hiyo ya pili ilikubaliwa mwaka 1937. Mwaka 1938, chama chake kilipoushangilia mkataba wa Munich, yeye na Churchill walikuwa miongoni mwa wachache waliokataa kuunga mkono.

Aprili 1940 Wajerumani waliingia Norway. Keyes, mwenye miaka 67, alikwenda kuwaomba wakuu wamruhusu aongoze mwenyewe meli kuukuu hadi Trondheim, akidai kwamba hata zikizama hazitakuwa hasara kubwa. Walimkatalia. Kwake ilikuwa Dardanelles tena: meli zipo, nia hakuna. Tarehe 7 Mei, katika mjadala juu ya Norway, akaingia Baraza la Makabwela amevaa sare kamili ya Admirali wa Fleet, nishani mistari sita kifuani.

Alieleza sababu ya kuvaa hivyo: alitaka kusema kwa niaba ya maafisa na mabaharia wa jeshi la majini wanaopigana, ambao hawakuridhika. Halafu akaisoma hotuba yake kwa sauti isiyo na madoido, akisema kwamba msiba wa Gallipoli umerudiwa hatua kwa hatua. Keyes hakumlaumu Churchill, ambaye wizara yake ndiyo iliyohusika; aliwalaumu washauri waliomzunguka. Wabunge walimsikiliza kimya kisha wakampigia makofi. Hotuba mashuhuri zaidi za mjadala ule ni za watu wengine, Leo Amery usiku uleule na Lloyd George kesho yake. Hata hivyo nadhani mwenye nguvu kuliko wote alikuwa yule aliyeshindwa kusema vizuri, kwa kuwa wabunge wa chama tawala, wengi wao maafisa wa akiba, hawakuweza kumwita mtu mwenye kifua kile mpenda fitina. Tarehe 8 Mei serikali ilishinda kura, 281 kwa 200, ilhali wingi wake wa kawaida ulizidi 200. Tarehe 10 Waziri Mkuu Chamberlain alijiuzulu. Katika mashambulio yote ya Keyes, hilo ndilo ambalo matokeo yake hayakurudishwa nyuma siku chache baadaye.

Churchill, sasa waziri mkuu mpya, hakumsahau Keyes. Siku hiyohiyo ya 10 Mei Keyes alipelekwa kwa Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji kuwa mjumbe, na Ubelgiji iliposalimu amri tarehe 28, alikuwa mmoja wa Waingereza wachache mno waliokataa kumwita mfalme msaliti. Aliliburuza gazeti la Daily Mirror mahakamani kwa kashfa, na gazeti likaomba radhi. Mwezi Julai akawekwa mkuu wa Operesheni za Pamoja, kujenga makomando na meli za kuwateremsha. Aliwafunza, akanunua vyombo, akapanga kuteka kisiwa cha Pantelleria akitaka aongoze mwenyewe, akagombana na wakuu wa majeshi kila wiki. Walipotaka kukipunguza cheo chake kuwa cha mshauri, alikataa, na Oktoba 1941 nafasi yake ikachukuliwa na Mountbatten, mwenye umri wa kuwa mwanawe. Mwezi uliofuata alilalamika Bungeni kwamba kila alichopanga kilizuiwa.

Mwezi huohuo wa Novemba, Luteni Kanali Geoffrey Keyes, mwanawe mkubwa, aliteremka Libya kutoka nyambizi na makomando wachache, wakavamia usiku nyumba waliyodhani ni makao ya Jenerali Rommel. Rommel hakuwapo. Geoffrey aliuawa akiwa na miaka 24, akapewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Alikuwa mtoto wa baba yake kwa kila kitu.

Mwaka 1943 Keyes aliingia Baraza la Malodi kwa cheo cha Baroni Keyes wa Zeebrugge na Dover. Oktoba 1944, akiwa na miaka 72, alikuwa juu ya meli ya Kimarekani Appalachian karibu na Leyte, Ufilipino, iliposhambuliwa na ndege. Moshi alioumeza uliharibu afya yake. Alifariki tarehe 26 Desemba 1945. Cheo chake kilikwenda kwa mwanawe wa pili, Roger kama yeye, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima cha kumtetea Mfalme Leopold.